Watafiti mnaokuja Dodoma, hizi ripoti mnamwandikia nani? HAZISOMEKI!

Wakuu,

Hili la tasnifu na ripoti za utafiti zisizosomeka limenifika shingoni, acha niliseme.

Mwanafunzi anatoka chuoni na barua, anapita kwa RAS (Katibu Tawala wa Mkoa), kwa mkurugenzi wa halmashauri, kwa mtendaji wa kata, hadi kwa mtendaji wa kijiji. Mkulima wa Chamwino au Bahi anaacha palizi yake, anajibu dodoso lisilokwisha. Mwaka unaofuata nakala inarudi halmashauri, jalada gumu, maandishi ya dhahabu. Afisa kilimo anaifungua akitafuta jambo moja: mmegundua nini? Halioni. Limefukiwa katikati ya sura ya nne, ile ya matokeo, chini ya jedwali la kumi na tatu, ndani ya sentensi inayojaza nusu ukurasa.

Na msiniambie haya ni mambo ya urembo wa lugha. Mwaka 2016 watu walikufa mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu (sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka) iliyokuwa kwenye mahindi waliyokula. Mtu anayeandika kuhusu ukaushaji wa mahindi hapa kwetu anaandika jambo la uhai. Halafu anatuletea kitu cha mtindo huu (nimeutunga mimi kuonyesha, simnukuu mtu):

"Utekelezaji wa uimarishaji wa mbinu za ukaushaji na uhifadhi wa nafaka miongoni mwa kaya za wakulima wadogo ulibainika kuwa na uhusiano chanya na upungufu wa uchafuzi."

Nani kafanya nini hapo? Utekelezaji, uimarishaji, ukaushaji, uhifadhi, uhusiano, upungufu, uchafuzi: nomino saba, na kila moja ina kitenzi chake kilichonyongwa humo ndani. Kitenzi pekee kilichobaki hai ni "ulibainika", nacho hakina mtendaji. Msomaji anavuka "wa" na "za" hadi mwisho, akifika amesahau alikoanzia. Sasa rudisha vitenzi:

"Kaya zilizoanika mahindi juu ya turubai na kuyaweka ghalani yakiwa makavu zilikutwa na sumukuvu kidogo kuliko kaya zilizoyaanika juu ya udongo."

Hapo hata diwani anaelewa, na hakuna taaluma iliyopungua. Baada ya hapo weka tarakimu, na kila tarakimu uipe kipimo cha kuilinganisha. Ukisema sampuli ilikuwa na mikrogramu 40 za sumukuvu kwa kilo na ukanyamaza, hiyo ni namba tu. Ukisema kikomo cha viwango vya Afrika Mashariki ni 10, msomaji anashtuka mwenyewe.

Vivyo hivyo kwenye mbinu. "Unyevu ulipimwa kwa kifaa stahiki" ni sentensi ya kumficha mwandishi. Kifaa gani? Mahindi yalitolewa juu ya gunia au katikati? Kikomo ni kipi? (Kiwango cha mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5.) Na kama ripoti inakwenda kijijini, mpe mkulima kipimo anachoweza kukifanya: chupa kavu yenye mfuniko, mahindi kiasi, chumvi iliyokaushwa vijiko kadhaa, tikisa, acha dakika 10 hadi 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15, arudishe juani. Isiponata, uko chini ya 15, lakini hiyo haithibitishi kwamba umefika 13.5. Sentensi hiyo ya mwisho nayo iandikwe! Uwazi ni pamoja na kusema kipimo chako kinaishia wapi.

Kuna hili la sampuli, linaniudhi kuliko yote. Ukurasa mzima wa fomula ya Yamane ya mwaka 1967, ile ya kukokotoa uhoji watu wangapi. Kijiji kina kaya 1,200, kosa linaloruhusiwa 0.1, tunakokotolewa hatua kwa hatua mpaka 92. Angeweka 0.05 angepata 300, lakini sababu ya kuchagua 0.1 haisemwi. Baya zaidi, hakuna mstari hata mmoja unaoeleza hizo kaya 92 zilipatikanaje. Ulishika daftari la mtendaji ukachukua kila kaya ya 13? Au ulihoji uliowakuta nyumbani? Msimu wa palizi, watu unaowakuta nyumbani mchana wengi wao ni wazee, wagonjwa na wanaolea. Matokeo yako yote yamesimama juu ya jibu hilo. Fomula mstari mmoja unatosha. Nafasi iliyobaki eleza ulivyochagua watu.

Asilimia nazo. "Asilimia 53.33 ya wahojiwa" wakati wahojiwa ni 30. Hao ni watu 16! Andika "16 kati ya 30" tuone ukubwa wa jambo. Desimali mbili kwenye watu thelathini zinampa msomaji uhakika ambao haupo.

Na mwandishi huyohuyo ukurasa mmoja anawaita "wahojiwa", ukurasa wa pili "watafitiwa", wa tatu "washiriki". Anadhani anakwepa kurudia neno. Msomaji anadhani ni makundi matatu. Kwenye insha ya fasihi badilisha utakavyo. Kwenye utafiti, kitu kimoja jina moja mwanzo hadi mwisho.

Jinsia, umri, hali ya ndoa: kila moja jedwali lake, na chini yake aya inayosoma jedwali lilelile kwa maneno. Kama hali ya ndoa haibadilishi chochote kwenye matokeo, iende kwenye viambatisho.

Sura ya pili, ile ya mapitio ya kazi za wengine, sitaki hata kuigusa sana. Kila aya inaanza na jina la mtu: fulani (2015) alichunguza, fulani (2017) alichunguza. Anza aya na hoja, majina yafuate kwenye mabano. Waliokubaliana waweke pamoja, waliopingana wakutanishe, useme wewe unamfuata nani na kwa nini.

Mapendekezo: "Serikali iongeze bajeti ya ugani." Serikali ipi? Taja ofisi, taja kitendo, taja wakati: halmashauri ihakikishe kila kata ina kipima unyevu kabla mavuno hayajaanza. Hapo mtu anaweza kuulizwa kwenye kikao.

---

Jibu la 1, Mpwapwa Kwetu: Mkuu, umenena. Ila dogo afanyeje msimamizi akimwambia "hii si lugha ya kitaaluma"? Wapo hawataki kabisa kuona "tulipima", wanataka "upimaji ulifanyika". Na tasnifu nyingi ni za Kiingereza, hilo mwanafunzi hana mamlaka nalo.

---

Mleta uzi: Mpwapwa Kwetu, hoja zote mbili nazipokea.

Kuhusu msimamizi, asibishane naye kwa maneno matupu. Achukue aya moja ya sura ya nne, aiandike kwa namna mbili, ampelekee zote kwenye karatasi moja. "Tulipima" ikikataliwa bado anaweza kuandika "utafiti huu ulipima" au "kaya 46 zilisema". Nafsi ya kwanza imeondoka, kitenzi na mtendaji wamebaki, na mwongozo wa chuo haujavunjwa. Ninaowalaumu hasa ni wasimamizi. Mwanafunzi anaandika kinachompitisha kwenye utetezi, na akishaona sentensi nzito zinasifiwa, atazidisha uzito.

Kuhusu Kiingereza, kanuni ya chuo iachwe ilivyo, sentensi saba-nomino ni balaa kwa lugha yoyote. Nakala ya halmashauri iambatane na kurasa mbili za Kiswahili, zilizoandikwa upya. Kutafsiri ikisiri (ule muhtasari wa mwanzo wa tasnifu) hakusaidii, kwa sababu nusu yake ni umuhimu wa kilimo kwa uchumi wa Tanzania, jambo ambalo afisa kilimo ndilo linalomlipa mshahara. Kurasa hizo mbili ziwe hivi: tatizo sentensi mbili, watu wangapi na vijiji gani sentensi mbili, zilizobaki zote matokeo na nani afanye nini.

Kabla ya kupeleka kazi ikajalidiwe, mwanafunzi ampe afisa ugani wa kata hizo kurasa mbili azisome mbele yake. Asimfafanulie kitu. Mwanafunzi aweke alama kila afisa anaporudia mstari, kisha amwombe aeleze kwa maneno yake kilichogunduliwa. Alama zilipo ndipo pa kuandika upya, na afisa akieleza tofauti na kilichogunduliwa, mwanafunzi aanze upya na kichwa cha habari.