Gundi gani kwa modeli ya meli: plaiwudi, karatasi, bomba, madirisha na stairofomu?

Bangwe_Modeli (Kigoma)

Wakuu, habari za jioni. Naomba wenye ujuzi wa gundi. Kazi ni modeli ya MV Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, kwa kipimo cha 1:100. Meli yenyewe ina urefu wa mita 71 hivi, kwa hiyo modeli inafika sentimita 71, upana kama 10. Haitaingia majini, itakaa ndani ya sanduku la kioo, ila itasafirishwa kwa gari mpaka Tabora.

Mbavu na sitaha ni plaiwudi ya milimita 3. Ngozi ya ubavuni ni karatasi ya manila safu mbili. Tumboni nimejaza stairofomu ya boksi la runinga. Bomba la moshi ni kipande cha bomba la maji, madirisha ni plastiki angavu, reli za sitaha ni waya wa shaba, na kitako ni ubao wa mninga.

Hali ilivyo sasa: gundi ya viatu imeila stairofomu, yamebaki mashimo. Supaglu imeacha ukungu mweupe kwenye madirisha. Bomba la moshi halishiki gundi yoyote, linabanduka likiwa safi kabisa. Manila imepinda. Dukani Mwanga wananiambia ninunue epoksi (gundi ya tyubu mbili zinazochanganywa), inamaliza yote. Ni kweli, au kila kitu na gundi yake?

Seremala_Isevya (Tabora)

Salama mkuu. Epoksi inashika vingi, lakini ukiipaka modeli nzima utamaliza hela, modeli itakuwa nzito, na kazi ya karatasi itachafuka. Mimi najibu mbao na karatasi, plastiki nawaachia wenyewe.

Plaiwudi kwa plaiwudi, au plaiwudi kwa mninga, ni gundi nyeupe ya mbao tu. Gundi hii inapenya kwenye vinyweleo vya mti na kukaza maji yakishatoka, ndiyo maana inataka ubao mkavu, vipande vinavyokutana bila mwanya, na kubanwa. Paka utando mwembamba, bana, kisha angalia ukingoni: vishanga vidogo vya gundi vikitokeza kwa mstari, kiasi kimetosha. Visipoonekana, umebania gundi, ikitiririka, umezidisha. Kwa mbavu za milimita 3 vibanio vya nguo vinatosha. Acha saa 1 kabla ya kutoa vibanio, na usilazimishe kiungo mpaka yapite masaa 24. Huko kwenu wakati wa mvua ongeza muda, hewa imebeba maji. Huku Tabora mwezi wa saba na wa nane shida ni kinyume chake: gundi inaota ngozi kabla hujapachika, kwa hiyo paka ubavu mmoja, pachika, ndipo uende wa pili.

Kwenye kitako cha mninga, gundi iliyotokeza ifute papo hapo kwa kitambaa chenye unyevu. Ikikaukia juu inaziba vinyweleo, vanishi haipenyi hapo, na doa halijifichi. Mninga wenyewe hausumbui gundi. Anayetumia mtiki au mpingo ajue ile miti ina mafuta: futa uso kwa asetoni, ukauke, gundisha muda huohuo kabla mafuta hayajapanda tena.

Manila kupinda ni kwa sababu ya maji. Karatasi inayoloa upande mmoja inavimba upande huo, ikikauka inajikunja. Usizimue gundi. Itandaze kwa kipande cha kadi ya plastiki mpaka uso uonekane una unyevu tu, si weupe. Sehemu bapa za ubavuni, bandika safu mbili za manila zenyewe kwa zenyewe kwanza, zilaze chini ya kioo kizito usiku mzima, ndipo ukate na kubandika kwenye mbavu. Puani usifanye hivyo, zitakuwa ngumu kupinda: pale weka safu moja moja. Gundi nyeupe kila ubavu, na katikati yake vitone vya supaglu kila sentimita 2. Supaglu inashikilia wakati huo, gundi nyeupe inachukua mzigo baadaye.

Kemia_Ujiji

Nianze na bomba, kwa sababu ndilo linalowasumbua wengi. Plastiki si kitu kimoja. Kabla ya kuchagua gundi tafuta ile pembetatu yenye namba: 1 ni PET (chupa za maji), 2 na 4 ni polithini (madumu, mifuko), 3 ni PVC, 5 ni polipropileni (vifuniko, bakuli nyingi), 6 ni polistireni (makasha ya CD, na stairofomu yenyewe). Namba 2, 4 na 5 usihangaike nazo kwa gundi za kawaida. Uso wake unaikataa gundi, inajikusanya badala ya kutandaa, ikikauka unaibandua kwa kucha.

Kama hakuna alama, kata kijipande, kitie kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni, kizamishe kwa kidole kisha uachie. Kikielea ni kundi la 2, 4, 5. Kikizama kinaweza kuwa PVC, PET, polistireni ngumu au pespeksi (plastiki ngumu angavu kama kioo), na hizo zote zina gundi yake. Sabuni usiisahau, bila hiyo hata PVC nyepesi inaweza kubaki juu kwa viputo vya hewa. Stairofomu usiipime hivi, ile imejaa hewa.

Likiwa PVC: gundi ya mabomba inayeyusha kidogo pande zote mbili, zinaungana kuwa kitu kimoja. Kwa hiyo ni ya PVC kwa PVC. Ukitaka PVC ishike kwenye plaiwudi, hapo ndipo epoksi inapostahili hela yake:

Kwaruza bomba kwa msasa namba 120 mpaka mng'ao wote uishe. Futa kwa spiriti, usiguse tena kwa vidole. Kamua tyubu mbili kwa mistari yenye urefu na unene sawa (soma kasha, si zote ni nusu kwa nusu), changanya dakika nzima kwa njiti ukikwangua pembeni. Epoksi inayoganda kwa dakika 5 changanya kidogo kidogo, ukubwa wa harage. Ukijaza kifuniko kizima inapata joto lake yenyewe na kuganda mkononi. Na usiongeze hadina (ile tyubu ya kukazia) ukidhani itakauka haraka. Ile ya ziada haina cha kuungana nacho, kiungo kinabaki laini moja kwa moja.

Madirisha: ule ukungu ni mvuke wa supaglu unaopanda na kutua kama unga, na unazidi penye unyevu na pasipopita upepo, kama ndani ya kibanda cha meli. Paka gundi nyeupe ukingoni, ikikauka inakuwa angavu. Uliopo sasa usugue kwa kitambaa laini na dawa ya meno nyeupe. Asetoni usiiguse hapo: kama ni kasha la CD au pespeksi itaacha nyufa ndogondogo ndani ya plastiki.

Madirisha ya duara ya ubavuni, yale ya milimita 3 au 4, hayahitaji plastiki kabisa. Chovya njiti ya meno kwenye gundi nyeupe isiyozimuliwa, izungushe kwenye mdomo wa tundu, kisha ivute kukatiza katikati. Utando unabaki umetanda, mweupe kama maziwa. Asubuhi unakuta kioo. Juu ya milimita 5 utando unaanza kupasuka, hapo kata plastiki.

Stairofomu: chochote kinachonuka thina kinaila. Gundi ya viatu, gundi ya PVC, rangi ya kupuliza, hata supaglu ya kawaida. Gundi nyeupe haiidhuru, lakini kati ya vipande viwili vipana maji hayana pa kutokea, katikati panabaki pabichi siku kadhaa. Paka kwa vitone, au toboa matundu kwa sindano upande mmoja. Kama unataka kupuliza rangi juu yake, tanguliza mikono miwili ya gundi nyeupe, usiache hata tundu la sindano.

Reli_ya_Kati

Mbona mnamtia gharama? Yeyusha stairofomu kwenye petroli, inakuwa gundi nzito, inashika kila kitu, bure.

Dada_Fundi (Kigoma)

Mkuu, hapana. Kwanza inaila ileile stairofomu anayotaka kuigundisha. Pili petroli inaendelea kutoka siku nyingi, gundi inanywea na kuvuta karatasi nayo. Tatu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni, na jiko la mkaa likiwa chumba cha pili unaufikia moto wenyewe. Wazo lako lina mahali pamoja tu: polistireni ngumu. Kwangua kasha la CD, yeyusha makwanguo kwenye thina kidogo ndani ya kichupa cha kioo chenye kifuniko, tumia kuziba nyufa za plastiki hiyohiyo, nje, mbali na moto.

Kuhusu gundi ya viatu, haikuwa gundi mbaya, ilipakwa pasipo pake. Inafaa ngozi, kitambaa, au kapeti ya kitako: paka pande zote mbili, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka isishike kidole, kisha bandika mara moja tu. Ukibandika ikiwa mbichi unafungia thina ndani na inabaki inateleza. Fungua madirisha.

Tahadhari nyingine ndogo: supaglu na pamba haziendani. Ikilowesha pamba au kitambaa cha pamba inatoa joto la kuunguza, kwa hiyo usifutie pamba. Vidole vikishikana, loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, usivute.

Bangwe_Modeli

Asanteni sana. Bomba nimelizamisha, limeelea! Ni la kijani. Maswali matatu ya mwisho: reli za shaba nazishikaje, zikiguswa tu zinaachia supaglu. Ribiti za ubavuni (vile vichwa vya misumari inayounganisha mabati ya meli) nazitengenezaje? Na joto la gari njiani?

Kemia_Ujiji

La kijani ni PPR, yaani polipropileni. Mafundi bomba wenyewe hawaligundishi, wanaliunganisha kwa pasi ya moto ya nyuzi 260 hivi. Hata rangi itakuja kubanduka. Achana nalo, nunua bomba jeupe la kupitishia nyaya za umeme, ni PVC. Chonga kizibo cha mbao kinachoingia ndani kwa kubana, kizibo kigundishe sitahani kwa gundi nyeupe, kisha bomba lishike kizibo kwa epoksi. Hapo kila kiungo kina gundi inayokipenda.

Dada_Fundi

Supaglu ikikauka ni kama kioo: ukiivuta inavumilia, ukiigonga inakatika. Waya mwembamba unatikisika, ndiyo maana unaachia. Reli zichomelee kwa risasi ya mafundi redio. Sugua shaba kwa msasa namba 400 mpaka iwe na rangi ya waridi, pigilia misumari midogo kwenye kibao ishikilie nguzo kwa nafasi sawa, paka flaksi (dawa inayosaidia risasi kushika shaba), gusa kwa pasi ya kuchomelea, ukitoa pasi risasi iwe imekwisha kuenea. Ikibaki kijidonge kinachobingirika, shaba ilikuwa chafu au pasi haina joto. Maliza reli nzima mezani kwanza, usichomelee juu ya modeli. Nguzo ziingie kwenye matundu ya milimita 1 sitahani, kila moja na kitone cha epoksi, si supaglu.

Ribiti ni gundi nyeupe tena, na kwa Liemba huwezi kuziruka. Meli hiyo ililetwa Kigoma vipande vipande kutoka Papenburg, Ujerumani, ikaunganishwa hapa kwa ribiti na kushushwa majini 1915. Chora mstari kwa penseli juu ya rangi ya msingi, chovya ncha ya sindano, gusa tu na kuinua, bila kuburuta. Gundi iwe nzito, ile iliyokaa wazi dakika chache. Nyepesi inatandaa na kuwa doa bapa. Kitone kinanywea kikikauka, kwa hiyo anza kikubwa kidogo kuliko unachotaka. Kilichokosewa kifute kwa kijiti chenye unyevu kabla hakijawa angavu. Rangi ya juu ipake nyembamba, mikono miwili, nzito inazifukia.

Seremala_Isevya (Tabora)

Joto la gari: usitumie gundi ya moto, ile ya bunduki, kwenye kiungo chochote kinachobeba uzito. Ndani ya gari lililofungwa juani inalegea na kitu kinateleza taratibu. Modeli ishike kitako kwa skrubu mbili kutoka chini ya mninga, ziingie kwenye gogo dogo uliloligundisha kati ya mbavu. Tumboni mwa modeli yako mna stairofomu, skrubu haitapata cha kung'ata humo, kwa hiyo gogo liwekwe kabla hujafunga sitaha.

Dada_Fundi

Na sanduku la kioo, kabla hujasahau: silikoni inayonuka siki inatoa asidi wakati inakauka, na asidi hiyo inaila shaba. Ukifungia modeli humo mapema reli zinaota kijani. Tafuta silikoni isiyonuka siki, au gundisha sanduku peke yake, liache wazi penye upepo wiki nzima, linuse ndani, na modeli iingie tu harufu ikiwa imekwisha kabisa.