Naomba ushauri: njia ya ukokotoaji ya TVD au HMOC kwenye programu ya MT3DMS, na nusu maisha ya benzeni

Habari zenu wakuu. Nina modeli ya benzeni kwenye maji ya ardhini, mtiririko wa maji kwa programu ya MODFLOW, usafirishaji wa uchafu kwa MT3DMS. Seli za gridi ya modeli ni mita 10, zikipungua hadi mita 1 kuzunguka kisima cha pampu. Kigezo cha mtawanyiko kufuata mtiririko ni mita 1, hivyo namba ya Peclet (ukubwa wa seli ukigawanywa kwa kigezo hicho) ni 10, mbali kabisa na 2 inayopendekezwa.

Nilianza na njia ya tofauti finiti (finite difference) inayoegemea upande wa juu wa mtiririko. Ni nyepesi, ila inajitengenezea mtawanyiko wake wa takriban nusu seli, yaani mita 5, mara tano ya ule niliouingiza! Ile ya katikati ikatoa konsentresheni hasi kwenye ukingo wa wingu la uchafu. MOC, njia inayofuatilia chembe, inachora ukingo mkali, lakini mizania ya masi inayumba hadi asilimia 8. TVD, njia inayozuia konsentresheni kuyumba, imetulia, ila namba ya Courant (idadi ya seli ambazo uchafu unavuka kwa hatua moja ya muda) haipaswi kuzidi 1, na viseli vya kisimani vinabana hatua ya muda hadi kazi inakula usiku kucha.

Je, nibaki na TVD nikikuza seli za kisimani, au HMOC (mseto wa MOC) inatosha?

La pili: nusu maisha (muda wa benzeni kuoza hadi nusu) ya siku 200 (kasi ya kuoza λ = 0.00347 kwa siku) imetokana na vipimo vya visima, si maabara. R, kigezo cha benzeni kucheleweshwa na udongo, ni 1.57. Niiweke kwa benzeni iliyoyeyuka tu, au na iliyonata kwenye udongo? Nikiiweka majini peke yake, kasi halisi inashuka kuwa λ/R, na hapo ndipo napata wasiwasi.