Tupeane uzoefu: bastola iliyokukataa mkono

Mleta uzi: Wakuu, leo nimemwona mtu uwanja wa shabaha anahangaika kukoki bastola mpya (kuvuta chuma cha juu nyuma ili risasi iingie) mpaka jasho linamtoka. Nimekumbuka mbali. Yako uliichaguaje, na ipi ilikukataa?

KobeMzee: Revolva, ile ya silinda inayozunguka. Uzi ufungwe.

MamaWawili: Ngojeni nimwage. Lindoni tuligawiwa bastola za aina moja wote, za risasi za 9 mm, magazini ya safu mbili za risasi, mpini mnene. Mkono wangu mdogo. Risasi ya kwanza triga iko mbali na nzito maana ndiyo inayovuta nyundo, kile kinachogonga risasi; zinazofuata nyundo imeshajikoki, inakuwa laini. Ile ya kwanza siifikii mpaka niuzungushe mkono. Nikasema, nikajibiwa utazoea. Usiku mmoja mlango wa ghala unavunjwa, jamaa ananijia na nondo. Nikavuta. Kidole kimefika kwa ncha tu, kikausukuma mtutu kushoto, risasi ikapiga taa. Giza totoro! Tumesimama hatuonani, nasikia anavyohema. Kisha nondo ikalia sakafuni, mtu akatoka mbio.

ChumaBaridi: Duh! Alikamatwa?

FunditMtutu: Ndiyo maana nasema kila siku: hakikisha haina risasi, hakikisha tena, ishike mtutu ukiwa mstari mmoja na kigasha. Nyama ya pingili ya kwanza ya kidole ikae juu ya triga. Haikai, irudishe. Nyingi siku hizi zina migongo ya mpini ya kubadilisha, hata kampuni ya Glock waliileta kwenye Gen4, toleo lao la nne, mwaka 2010.

KobeMzee: Revolva haina haja ya mgongo wa akiba.

FunditMtutu: Usipoikoki kwa dole gumba, triga ni nzito kila risasi, mzee wangu.

KobeMzee: Fanya mazoezi ya vidole badala ya kuandika.

Kijakazi9: Mimi niliambiwa mkono mdogo, chukua ndogo. Revolva ya .38, nyepesi, haifiki nusu kilo. Mateke yake! Nikaanza kufumba macho kabla haijalia. Risasi ileile kwenye bastola nzito inapiga teke dogo, hilo muuzaji hakulisema. Sasa nina 9 mm ya saizi ya kati, natulia.

ChumaBaridi: Chukueni kubwa kabisa.

Mpita_Njia: Kubwa utaiacha nyumbani. Ndogo.

BabaSpringi: Wa kukoki: bana slaidi (kile chuma cha juu) kwa kiganja kizima, halafu sukuma mpini mbele. Na msidanganywe kwamba kila .380, ile ya risasi fupi kuliko 9 mm, ni laini. Zile ambazo slaidi inazuiwa na springi tu, huwa ngumu kukoki kuliko 9 mm nyingi.

Kijakazi9: Naunga mkono.

ChumaBaridi: Acheni springi! MamaWawili, alikamatwa?

MamaWawili: Hakukamatwa. Taa nimekatwa kwenye mshahara. Bastola anayo kijana wa zamu nyingine, vidole virefu, anaisifia mpaka kero.