Naomba ushauri: hospitali jirani inapanuliwa, pakingi ya ghorofa inakuja dirishani kwetu

Habari zenu wakuu, naomba msaada kwa anayeyajua haya mambo. Hospitali iliyo nyuma ya nyumba yetu inataka kuongeza wodi na kujenga pakingi ya ghorofa 4, ukuta wake utakuwa kama mita 10 tu kutoka dirisha la chumba wanacholala watoto. Sipingi hospitali jamani, mama yangu alitibiwa hapohapo akapona, ila hiyo pakingi ndo inaninyima usingizi maana geti lake limechorwa kwenye kibarabara chetu ambacho gari mbili zikikutana moja lazima irudi nyuma, sasa siku ya foleni ambulensi itapita wapi? Halafu taa usiku kucha, moshi, na maji ya mvua, eneo lote likishapigwa zege maji yatashuka kwetu sisi tulio chini.

Tumeshaandika barua kaya 14, tukajibiwa maoni yamepokelewa, basi. Kwenye mkutano wakatuonyesha picha nzuri ya jengo, ramani ya mitaro hatukuiona wala ripoti ya athari kwa mazingira.

Sasa naomba kujua, ni nyaraka zipi tuzidai kwa maandishi kabla kibali hakijatoka? Na kipi kina nafasi kubwa ya kukubaliwa, kuomba geti lihamie barabara kubwa na upande wetu uzibwe ukuta, au kudai ghorofa zipunguzwe? Mwisho wa kupeleka maoni ni wiki ijayo.