Jina lako lilianzia wapi? Tupeane uzoefu

Binti wa Rufiji
Salaam ndugu zangu. Mimi naitwa Semeni. Shule ya msingi jina hili lilinitesa. Mwalimu akiliita tu, nyuma wanaitikia: "Tuseme nini?" Nilipofika kidato cha pili nikamwambia bibi mzaa baba kuwa nataka niitwe Salma. Alikuwa barazani anasuka ukili. Hakunigombeza. Aliuweka ukili pembeni, akanifuta vumbi gotini kwa ncha ya khanga, ndipo akaanza.

Mama alikaa kwenye ndoa miaka saba bila mtoto. Kisimani wanawake wakimwona anakuja wananyamaza, akishajitwika ndoo wanaendelea. Wengine walimfuata bibi mwenyewe, kwamba amtafutie mwanawe mke mwingine. Bibi hakuwajibu kitu. Arobaini yangu ilipotimia nikatolewa nje, alinibeba mwenyewe mpaka njia ya kisimani, akasimama pale wanapopita wote. Kila aliyeuliza mtoto anaitwa nani alijibiwa neno moja: "Semeni."

Sikulibadili. Na kumbukeni huyu ni mama mkwe, ambaye angeweza kuwa wa kwanza kumsema mama.

Watu wa pwani mnayajua majina haya: Sikudhani, Tabu, Mashaka, Siwema. Mengi ni maneno ambayo mtu alishindwa kuyatamka mbele ya wakwe au majirani, akampa mtoto ayabebe. Nataka kusikia ya kwenu, na zaidi ya maana, mtuambie ilikuwaje siku hiyo nyumbani.

Wa Shinyanga
Mimi Shija. Usukumani ukizaa mapacha hakuna mjadala wa majina: anayetangulia ni Kulwa, wa pili ni Doto, na anayezaliwa baada yao ni Shija. Kwa hiyo nikijitambulisha tu, mtu wa kwetu anauliza, "Wenzako wako wapi?" Kulwa yupo, ni fundi seremala Kahama. Doto aliondoka na surua kabla sijazaliwa. Hatuna hata picha yake moja. Lakini mama mpaka leo ni Mama Doto, na ukimwita Mama Shija haitiki. Mimi kila nikiandika jina langu naona nimeandika kwamba Doto alikuwepo.

Mbukusu wa Bungoma
Pole sana Shija. Kwetu jina linakuonyesha msimu uliozaliwa. Wafula na Nafula ni wa mvua, Wekesa na Nekesa wa mavuno, Simiyu na Nasimiyu wa kiangazi, Wanyonyi wa palizi. Mara nyingi Wa- au We- ni mvulana, Na- au Ne- ni msichana. Mimi ni Wanjala, wa njaa. Nilizaliwa 1984, ule mwaka wa ukame ambao wazee wetu Kenya hawausahau, watu wakila ugali wa mahindi ya manjano kutoka nje. Baba hakuwahi kunieleza mengi. Ila mtoto yeyote akibakisha chakula kwenye sahani alikuwa anamwambia: "Humwoni Wanjala amekaa hapo?"

Binti wa Rufiji
Shija, ya Mama Doto nimeisoma mara mbili. Wanjala, umenikumbusha Mwalimu. Baba yake alizaliwa 1860 viwavi vimevamia nchi, akaitwa Nyerere, ambayo kwa Kizanaki ni kiwavi. Mwalimu naye alipozaliwa 1922 alianza na Mugendi, yaani mtembezi, kisha mtabiri akashauri aitwe Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Julius lilikuja na ubatizo 1943. Kwa hiyo baba wa viwavi, mtoto wa mvua! Wazanaki mliomo humu tuongezeeni.

Buyenzi, Bujumbura
Kumbe ni ndugu kabisa. Kulwa na Doto kwetu Burundi ni Bukuru na Butoyi, na anayewafuata ni Ciza. Mimi ni Butoyi. Lakini jambo moja linatusumbua sana tukitoka nje: wengi wetu hatuna jina la ukoo la kurithishana, kila mtoto anapewa lake. Baba yangu ni Ndayishimiye, yaani namshukuru Mungu. Mdogo wetu ni Nyandwi, kwa sababu ni wa saba. Niliwahi kwenda na mwanangu kwenye ofisi moja ugenini, karani akasoma karatasi mara tatu, akaniuliza nathibitishaje kuwa ni wangu. Mtoto mwenyewe alikuwa amenilalia begani. Nilirudishwa nikalete cheti kilichotafsiriwa.

Wa Tanga
Langu fupi. Mimi Mwanaidi, nilizaliwa asubuhi ya Idi watu wanatoka kuswali. Aliyejaza fomu za darasa la saba akaandika Mwanahidi, na hiyo h ikanifuata mpaka kwenye kitambulisho. Mwezi jana ndiyo nimekula kiapo kwa wakili ili itoke. Wazazi, someni karatasi ya mtoto herufi kwa herufi kabla hamjaondoka dirishani.

Binti wa Rufiji
Tangu juzi nasoma majibu yenu na kuna kitu kimenikaa. Bibi yangu aliitwa Siwatu. Nimempa binti yangu jina hilo, kwa mapenzi tu, kwa kuwa ni la bibi. Yeye alinieleza langu mpaka mwisho, mimi lake sikumuuliza. Ni akina nani waliokuwa si watu kwa aliyempa jina, na waliwafanyia nini? Dada yake mdogo bado yupo hai, yuko Utete, na masikio yake ni mazima. Ijumaa naenda.