Ushauri: santuri 3 za Miles Davis wa kipindi cha umeme, nianze na zipi?

Tarumbeta Bubu (mleta uzi)
Habari za jioni wakuu. Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi, namjua kwa albamu ya Kind of Blue na zile kazi za miaka ya 1950. Sasa nataka kuingia kipindi chake cha umeme, alipotumia magitaa na vinanda vya umeme, 1969 hadi 1975, na kila ninayemuuliza anataja albamu nyingine. Fungu langu linatosha santuri tatu, sizidishi hata moja. Nichukue zipi? Naomba msinitajie kumi. Na mkiweza mnijibu mapema, jambo lina haraka kidogo.

Fundi Sindano
In a Silent Way (1969), A Tribute to Jack Johnson (1971), Get Up with It (1974). Sikiliza kwa mpangilio huohuo.

Ya kwanza ni dakika 38 tu, kila upande kipande kimoja kirefu. Wapiga vinanda ni watatu kwa mpigo: Herbie Hancock, Chick Corea na Joe Zawinul. Ilirekodiwa siku moja, 18 Februari 1969, kisha prodyuza Teo Macero akaingia na wembe kwenye tepu, akakata na kuunga vipande. Upande wa B, zile dakika nne za mwanzo zimerudishwa vilevile mwishoni. Usije ukadhani sindano imerudi nyuma.

Jack Johnson ni ya mtu anayependa gitaa. Kwenye "Right Off", karibu dakika 27, subiri dakika ya pili ipite. John McLaughlin anahamisha gitaa kutoka E kwenda B flati, Michael Henderson kwenye besi hamfuati, anabaki palepale E. Wanagongana, na Miles anaingia na tarumbeta katikati ya huo mgongano. Ukishausikia mlango huo, albamu nzima imefunguka.

Mama Vainili
Umerukaje Bitches Brew, Fundi? Ya 1970, santuri mbili, dakika 94. Wapiga ngoma wawili, mmoja kushoto mwingine kulia, besi mbili, na Bennie Maupin anapuliza klarineti ya besi kama mtu anayenong'ona chini ya meza. Kama mleta uzi ataishia tatu, hii lazima iwemo.

Fundi Sindano
Sijaikataa. Nasema isiwe ya kwanza. "Pharaoh's Dance" ni dakika 20 na imeungwa vipandevipande, mtu aliyetoka Kind of Blue anatafuta wimbo uko wapi, anachoka. Aanze na "Spanish Key", dakika 17, ina mwendo unaoshikika.

Mzee Kaseti
Mimi nauliza, mnampeleka wapi huyu kijana? Miles aliona vijana wa roki wanajaza kumbi, naye akavaa miwani mikubwa, akachomeka tarumbeta kwenye pedali ya wah-wah, ile ya kukanyaga inayofanya sauti ilie "wa-wa". Biashara ile. Anayetaka umeme wenye akili achukue Mwandishi ya Herbie Hancock (1971) na Sextant (1973). Bendi nzima ilijipa majina ya Kiswahili: Hancock ndiye Mwandishi, Buster Williams Mchezaji, Billy Hart Jabali, Eddie Henderson Mganga.

Mama Vainili
Mzee, mtu kaomba samaki unampa maharage. Tena hao unaowasifu, Hancock mwenyewe alipitia kwa Miles.

Besi Arobaini
Kabla ya kuendelea kutaja albamu: mleta uzi, unasikilizia kwenye nini? Swali hili ndilo linaloamua. Waya mnene wa gitaa la besi unapigwa E ya hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Spika ndogo ya bluetooth ikishuka hadi hezi 80 au 100 imeshaishiwa pumzi. Sasa chukua On the Corner (1972): muziki wote umejengwa juu ya besi ya Henderson inayorudia mstari mmoja. Ukiiondoa besi, kinachobaki ni hai-hati, tabla na makofi. Utasema Miles alichanganyikiwa, kumbe spika ndiyo haikukuletea nusu ya bendi.

Tarumbeta Bubu
Vifaa si tatizo mkuu. Kuna mfumo mzuri tu. Nirudi kwenye albamu: kati ya mlizotaja, mbona hakuna aliyeitaja Dark Magus?

Besi Arobaini
"Mfumo mzuri tu" ni upi? Chumbani au wapi?

Tarumbeta Bubu
Ni spika za darini. Nane. Za mgahawa.

Mama Vainili
Mgahawa?!

Tarumbeta Bubu
Basi niseme. Kuna mgahawa hapa Arusha umenipa Jumapili jioni moja kwa mwezi niandae kikao cha kusikiliza santuri. Ya kwanza ni Jumapili ijayo, watu kama 25, wengi wamezoea jazi laini ya wakati wa chakula. Tangazo limeshatoka: usiku wa "Moja, Wili, Tatu, Nne", Dark Magus mwanzo mpaka mwisho. Muuzaji nimeshampa kianzio, chapa ya kwanza ya Marekani ya 1977. Zile tatu nilizouliza ni za kuongezea. Msinirukie, majina ya Kiswahili yatavuta watu, na wazo lenyewe ni zuri.

Kijiko cha Chumvi
Kwa hiyo uliomba ushauri wa harusi wakati mahari imeshaliwa 😂

Fundi Sindano
Ndugu yangu. Dark Magus ni onyesho la Carnegie Hall, New York, 30 Machi 1974. Pande nne, ndizo hizo Moja, Wili, Tatu na Nne, kila upande dakika 25 na ushei. Magitaa matatu: Reggie Lucas, Pete Cosey na Dominique Gaumont. James Mtume kwenye ngoma za mkono, Al Foster anapiga drams kama anavunja mlango. Ni kazi kubwa, lakini kwa watu 25 wenye sahani ya kuku mbele yao? Upande wa kwanza tu wataomba bili.

Tarumbeta Bubu
Lakini kila jambo jipya watu hulikataa mwanzoni. Miles naye walimkataa. Na siwezi kubadilisha tangazo.

Fundi Sindano
Tangazo acha lilivyo, badilisha mpangilio. Anza na In a Silent Way upande wa B, dakika 20, watu wakiwa wanakaa na kuagiza. Halafu "Maiysha" kutoka Get Up with It, karibu dakika 15, hiyo hata asiyejua jazi atatikisa kichwa. Halafu "Right Off". Ukishawashika, weka "Moja" peke yake. Jumla kama dakika 87, ukiweka na kugeuza santuri na kusema maneno mawili inakuwa saa moja na dakika 45. Wili, Tatu na Nne ziwe za wale watakaobaki baada ya meza kusafishwa.

Kama unataka kitu chenye mizizi ya kwetu, kwenye Get Up with It kuna "Calypso Frelimo". FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam 1962, una la kuwaeleza watu hapo. Ila jua ni dakika 32 upande mmoja. Upande mrefu hivyo mifereji ya santuri inabanwa, kwa hiyo sauti hukatwa chini. Utaongeza sauti, na mikwaruzo itapanda pamoja nayo. Santuri ya upande huo iwe safi kweli: brashi ya nyuzi za kaboni kabla ya kuweka sindano. Kitambaa cha mezani hapana.

Besi Arobaini
Na zile spika nane za darini, uliza kama zimeunganishwa mono, yaani zote zinatoa sauti moja bila kushoto na kulia. Migahawa mingi hufanya hivyo ili kila meza isikie sawa. Magitaa matatu ya Dark Magus yakisukumwa mono yanakaliana, unapata uji. Kodi spika mbili za sakafuni zenye wufa (koni ya besi) ya inchi 12, weka mbele, kushoto na kulia, zile za darini zima.

Pleya ya santuri usiiweke meza moja na spika. Besi ikipanda inatikisa meza, meza inatikisa sindano, sindano inairudisha kwenye amplifaya, na mlio wa "uuuuu" unapanda mpaka mtu azime. Tafuta kaunta ya zege au rafu iliyofungwa ukutani. Pili, pleya inahitaji prii-amplifaya ya fono, kifaa cha kukuza sauti ndogo inayotoka kwenye sindano. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye mikisa ya kawaida sauti inakuwa ndogo na kavu kama ya simu ya kukoroga. Ukipitisha fono mara mbili, inapasuka. Waya wa ethi (wa ardhi) ukisahauliwa utasikia mvumo hata kabla ya wimbo. Uzito wa sindano fuata karatasi ya katriji yako, kile kichwa kinachobeba sindano, nyingi za kawaida ni kati ya gramu 1.8 na 2.2.

Lebo Nyekundu
Wakuu mnashauri chai. Someni tena: "chapa ya kwanza ya Marekani ya 1977". Haipo. Dark Magus 1977 ilitoka Japani tu, kampuni ya CBS/Sony. Marekani ilitolewa rasmi 1997. Pangaea, albamu nyingine ya Miles, hivyohivyo: Japani 1976, Marekani walisubiri mpaka 1990. Sasa huyu kalipia kianzio cha kitu ambacho hakijawahi kuchapwa, ana mgahawa usio na jina, ana spika nane. Mimi naona mleta uzi ndiye muuzaji mwenyewe, anapasha soko.

Kijiko cha Chumvi
Chai ya rangi, haina hata sukari. Nilishangaa mtu anatoka Kind of Blue anaruka moja kwa moja hadi Dark Magus.

Mzee Kaseti
Ndiyo maana nilisema achukue Mwandishi.

Tarumbeta Bubu
Mimi si muuzaji jamani. Kwenye jalada imeandikwa Carnegie Hall New York, muuzaji akasema ni ya Marekani, nikaamini. Kanitumia picha nyingine sasa hivi. Kwenye lebo ya katikati kuna CBS/Sony na maandishi ya Kijapani.

Lebo Nyekundu
Kama ni hivyo, unayo chapa ya Kijapani, na hiyo ndiyo ya kwanza ya kweli. Muuzaji hajui anachouza au anakujaribu, vyovyote vile bei ijadiliwe upya. Muulize vitatu: karatasi ya obi, ule ukanda unaovaa pembeni ya jalada, ipo? Karatasi ya maelezo ya ndani ipo? Santuri zote mbili zina lebo inayofanana? Mtu akiuza jalada la asili na santuri moja ya toleo la baadaye, huwezi kujua mpaka uzitoe zote mbili.

Tarumbeta Bubu
Anasema obi imepotea. Karatasi ya ndani ipo, ina picha.

Lebo Nyekundu
Bila obi, mwambie ashushe. Na akupigie picha ya santuri chini ya taa, kwa pembeni, pande zote nne. Picha ya moja kwa moja huficha mikwaruzo.

Mama Vainili
Na Bitches Brew bado hujanijibu, unachukua au huchukui?

Tarumbeta Bubu
Nachukua In a Silent Way, Jack Johnson na Get Up with It. Bitches Brew kwa kikao cha pili, mgahawa wakiniita tena.