Majalada ya Kijerumani ya Maji Maji yaliyo mtandaoni: niyataje vipi kwenye tasnifu? Utetezi ni Alhamisi

Mlima_Matogoro: Wakuu, habari za jioni. Nasoma uzamili wa historia. Tasnifu yangu inahusu Songea mwaka 1906 na 1907, wakati wa Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, na nimetumia majalada ya R 1001 ya Berlin, yale ya wizara ya makoloni yaliyopigwa picha na kuwekwa mtandaoni. Nimelipia kuyapata. Utetezi ni Alhamisi ijayo, usingizi sina. Kwenye tanbihi niandike namba ya jalada peke yake au niweke na kiungo?

Bibi_Nyaraka: Mwanangu, andika jina la hifadhi, namba ya jalada, namba ya karatasi na siku uliyolifungua. Viungo hufa. Na namba ya karatasi ni ile iliyo pembeni juu ya karatasi yenyewe, si namba ya picha kwenye skrini. Wanafunzi wangu kila mwaka huchanganya hizo mbili.

Kaka_wa_Upanga: Sisi mwaka 1998 tulikwenda hifadhi wenyewe. Penseli tu, kalamu marufuku. Nilikaa wiki tatu napiga chafya kwa vumbi, jalada nililolitaka likapatikana siku ya mwisho saa tisa alasiri. Nyie mnafungulia kitandani na bado mnalia.

Mjukuu_wa_Nduna: Mimi swali langu ni jingine. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga wazee wetu pale Songea, na Nduna Songea Mbano, kiongozi wa vita wa Wangoni, naye akanyongwa. Leo unakwenda kuwauliza waliofunga kamba? Mwaka 1968 wanafunzi wa Dar es Salaam walikwenda vijijini wakawasikiliza wazee. Anzia huko.

Bibi_Nyaraka: Ndugu yangu, vyote viwili vinahitajika. Darasani naweka ripoti ya ofisa wa Kijerumani kando ya masimulizi hayo ya 1968. Ofisa anaandika "waasi" na kuhesabu bunduki. Mzee anamtaja mtu kwa jina na shamba lake. Vijana wakishaona pengo hilo, hawalisahau. Mlima, hebu niambie: Kijerumani unakisoma? Mwandiko wa enzi zile unawashinda hata Wajerumani wengi wa leo.

Mlima_Matogoro: Nimeuliza kuhusu kiungo tu, Mama.

Bibi_Nyaraka: Na mimi nimeuliza kuhusu Kijerumani.

Mlima_Matogoro: Sikijui. Nukuu zote 11 nimezitoa kwenye kitabu cha Kiingereza, nikahamisha na namba zake za majalada kama vile nimeyasoma mwenyewe. Juzi ndipo nimefungua jalada moja, na kwenye karatasi iliyotajwa sioni tarehe ya nukuu wala neno Songea. Lakini aliyeandika kitabu ni msomi mkubwa, hawezi kubuni. Wenzangu wengi wanafanya hivi hivi, na msimamizi amepitisha sura zote.

Chungu_Mbili: Hii ni chai. Alianza kwa kusema amelipia, wakati majalada yale yanafunguka bure. Akaja na kiungo, sasa ana nukuu 11 na karatasi isiyosema kitu. Amejiunga leo. Naona ni mhadhiri anatafuta mfano wa kufundishia.

Dogo_Mabibo: Kama ni mhadhiri, naomba maksi zangu za mahudhurio humu humu.

Mlima_Matogoro: Si chai jamani. Nilimpa jamaa wa steshenari elfu thelathini anipakulie kwa sababu bando langu halitoshi. Sikujua ni bure. Nitungie nini kitu cha kunidhalilisha?

Chungu_Mbili: Basi kakupiga. Pole.

Bibi_Nyaraka: Iwe kweli au ya kutunga, shida hii naiona kila msimu. Kila nukuu andika "kama ilivyonukuliwa na", kisha kitabu na ukurasa. Nukuu 11 ni kazi ya jioni moja. Zamani hakuna aliyesafiri hadi Berlin kukagua tanbihi yako. Sasa mtahini analifungua jalada kwenye simu akiwa amekaa mbele yako. Mwambie msimamizi kabla ya Alhamisi.

Mlima_Matogoro: Nakala zimeshafungwa jalada gumu, Mama. Nikisema sasa ataona nimedanganya kote. Nilifikiri niiache, nikiulizwa nijibu.

Mjukuu_wa_Nduna: Ukiulizwa utajibu nini? Waliokufa pale ni watu, kijana. Usiwasemee kwa karatasi usiyoisoma.

Kaka_wa_Upanga: Nilisoma Kijerumani miaka miwili. Nitumie picha ya karatasi hiyo, na ya inayofuata. Pengine maneno yako upande wa nyuma. Ule hauna namba yake.

Mlima_Matogoro: Nimekutumia inboksi. Msimamizi nimempigia mara mbili hajapokea. Najaribu tena baada ya isha.